Mashine ya boti inapozidisha mafuta: usianze na skrubu

Pwani yoyote yenye boti za faiba, kuanzia Nungwi mpaka Kilwa Masoko, haikosi mashine iliyovuliwa kofia na mtu aliyeinama na bisibisi. Malalamiko yanafanana: moshi mwingi, plagi zinalowa, ikiwa sailensa (inaunguruma tu bila kuongezwa kasi) inakohoa na kuzima, dumu linakauka kabla ya kufika kwenye mwamba. Hukumu nayo inafanana: kabureta inazidisha mafuta, funga skrubu kidogo.

Mara nyingi hukumu hiyo ina makosa mawili. La kwanza, moshi na plagi nyeusi si lazima zitokane na petroli iliyozidi. La pili, hata petroli ikiwa imezidi kweli, ile skrubu ndogo ina mamlaka juu ya sehemu ndogo sana ya safari. Ukitoka bandarini na kuongeza moto, yaani kasi ya mashine, skrubu imebaki nyuma. Linaloamua pale ni jambo lingine. Nazungumzia hasa mashine za mipigo miwili, zile unazochanganya oili kwenye tangi, kwa sababu ndizo nyingi kwa wavuvi wetu. Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15, yenye silinda mbili na kabureta moja, ni mfano mzuri, nami nitairudia humu.

Tuanze na kabureta yenyewe. Pistoni inapopanda, krenki (chumba kilicho chini yake) inavuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo ni jembamba katikati, kwa hiyo hewa inaongeza kasi na mgandamizo wake unashuka. Mafuta yaliyomo kwenye bakuli la chini yanakandamizwa na hewa ya kawaida ya nje, na tofauti hiyo ya mgandamizo ndiyo inayoyasukuma kupanda kwenye vitundu na kumwagika ndani ya mkondo wa hewa. Hakuna kinachopima wala kufikiri. Kuna ukubwa wa vitundu, ambao ni jeti, na kuna kimo cha mafuta ndani ya bakuli, ambacho kinalindwa na boya na sindano yake. Kimo kikipanda milimita chache tu, mafuta yanapata urahisi wa kupanda na mchanganyiko unakuwa mzito, yaani wenye petroli nyingi kwa hewa iliyopo, kila mahali, iwe sailensa au moto wote.

Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Nguvu kubwa zaidi lakini hupatikana mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, karibu kilo 12.5 hadi 13 za hewa. Kwa hiyo mtengenezaji hakuipanga mashine yako iwe bahili. Ameipanga iwe nzito kidogo makusudi, na ana sababu nyingine kubwa kuliko nguvu: katika mipigo miwili, petroli ndiyo inayobeba oili kwenda kwenye beringi na kuta za silinda, na petroli hiyo hiyo inapogeuka mvuke inapoza pistoni. Ukiipunguza umepunguza vilainishi na umepunguza ubaridi kwa mkupuo mmoja. Mashine nzito inakula pesa. Mashine nyepesi inatoboa pistoni, na haitobolei ufukweni. Inatobolea ukiwa umejaza samaki na unakimbiza upepo.

Mafuta yana njia mbili za kuingia. Mashine ikiwa sailensa, kile kibati cha duara kinachofunguka unapoongeza moto, ambacho wengine hukiita kipepeo, kinakuwa kimefungwa karibu chote. Koo kuu halina mvuto wa kutosha, hivyo mafuta hupitia njia ndogo: jeti ndogo, kisha kitundu kilicho karibu na ukingo wa kipepeo. Ukianza kufungua, vitundu vingine viwili vitatu pembeni vinaingia kazini kusaidia. Ukifika kama robo ya moto, jeti kuu inaanza kutawala, na kutoka nusu kwenda juu ndiyo karibu kila kitu. Skrubu ya mchanganyiko iko kwenye ile njia ndogo tu. Boti inayotoa moshi mweusi na kupoteza mbio kwenye moto wote haiwezi kuponywa na skrubu hiyo, hata uifunge mpaka mwisho. Utakachopata ni mashine ambayo sasa ni nyepesi chini na bado ni nzito juu.

Sasa yale mambo yanayojifanya petroli iliyozidi, na hapa ndipo muda unapostahili kutumika.

La kwanza ni oili. Mashine nyingi za aina hii zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Ikiwa mpya, saa zake 10 za mwanzo kwa kawaida hupewa oili mara mbili, mililita 800. Wapo wanaobaki na kipimo cha mashine mpya miaka yote, kwa imani kwamba oili nyingi ni afya. Wengine hupimia chupa ya maji ya nusu lita na kuongeza kidogo kwa usalama. Matokeo ni moshi wa bluu au mweupe, plagi zenye utando wenye utelezi, na kaboni kwenye njia ya kutolea moshi. Kinachochekesha ni kwamba mchanganyiko wenye oili nyingi ni mwepesi zaidi kwa upande wa petroli, kwa sababu katika kila lita inayopita kwenye jeti, nafasi ya petroli imechukuliwa na oili. Tofauti ni ndogo, kama asilimia 2 ukilinganisha vipimo hivyo viwili, lakini mwelekeo wake ni kinyume kabisa na anavyodhani mwenye bisibisi. Akifunga skrubu kwa sababu ya moshi huo, anaipunguzia petroli mashine ambayo haikuzidiwa petroli.

Oili yenyewe pia ina aina. Ya mashine za boti huandikwa TC-W3 kwenye kopo. Imetengenezwa isiache majivu, kwa kuwa mashine ya boti hufanya kazi ikiwa baridi na kwa muda mrefu. Oili ya pikipiki ya mipigo miwili imetengenezewa injini inayopozwa kwa hewa na yenye joto kali. Inafanya kazi, ndiyo, lakini inaacha uchafu kwenye plagi ambao fundi wa haraka ataita mafuta mengi.

La pili ni baridi. Themostati kazi yake ni kuzuia maji mpaka mashine ipate joto. Ikijaa chumvi na kukwama imefungwa, mashine inachemka, na suluhisho la ufukweni ni kuing'oa na kuitupa. Mashine haichemki tena. Kuanzia siku hiyo pia haipati joto la kutosha inapotembea polepole, petroli inagandamana kwenye kuta badala ya kugeuka mvuke, na plagi zinalowa. Hakuna kabureta itakayorekebisha hilo. Nunua themostati.

La tatu ni plagi. Namba kwenye plagi za NGK inaonyesha uwezo wa kumwaga joto: namba ikipanda, plagi ni baridi zaidi. Duka likikosa ya namba yako na kukupa ya juu yake, utakuwa na plagi isiyofikia joto la kujisafisha, na itakuwa nyeusi hata mchanganyiko ukiwa sawa. Na mafuta yakiwa yamechakachuliwa na mafuta ya taa, moshi na masizi vitakuwepo bila kosa la mtu yeyote isipokuwa aliyekuuzia.

Tena kuna suala la lini unaangalia plagi. Wengi huzitoa baada ya boti kuvutwa mchangani. Lakini dakika za mwisho ulikuwa unanyata kati ya nanga na kamba za wenzako, na mashine ya mipigo miwili ikinyata huchafua plagi hata ikiwa mpya dukani. Plagi hiyo inakusimulia habari za bandarini. Ukitaka habari za baharini, weka plagi safi, nenda mahali penye nafasi na bahari tulivu, kimbiza kwa moto wote ukiwa na mzigo wa kawaida kwa dakika chache, hakikisha watu wote wamekaa, kisha zima kwa kuvuta ile kamba nyekundu ya usalama bila kupunguza moto kwanza. Tia gia huru, acha ipoe kidogo, toa plagi hapo hapo. Kahawia, iwe imepauka au imekolea, ni nzuri. Nyeusi iliyolowa ni nzito. Nyeupe kavu yenye vidoti vya kumetameta ni hatari, rudi nyumbani polepole.

Toa plagi zote mbili na uziweke kwa mpangilio wake. Huu ndio uchunguzi wa bei nafuu kuliko wote, na sielewi kwa nini haufanywi kila mara. Enduro 15 ina kabureta moja inayolisha silinda zote mbili. Kama plagi moja imelowa na nyingine ni kahawia nzuri, kabureta ina ushahidi mzuri wa kutokuwepo kwenye tukio. Tafuta koili au waya wa silinda ile, au angalia pampu ya mafuta. Pampu hiyo haina mota. Inasukumwa na pumzi ya krenki ya silinda moja kupitia kiwambo chembamba cha mpira. Kiwambo kikitoboka, silinda ile inafyonza petroli moja kwa moja kutoka kwenye pampu, bila kupimwa na jeti yoyote. Vali za ridi, vile vibati vyembamba vya chuma nyuma ya kabureta, nazo zikivunjika ncha zinarudisha mafuta nje. Utaona ukungu wa petroli ukitemwa mdomoni mwa kabureta mashine ikiwa sailensa.

Plagi zote mbili zikiwa nyeusi na zimelowa, na oili, themostati na namba ya plagi viko sawa, hapo ndipo kabureta inapoitwa kutoa maelezo. Hata hapo skrubu bado.

Angalia kwa macho choki, kile kibati kinachobana hewa unapowasha mashine ya baridi. Toa kifuniko cha mbele, sukuma kitufe cha choki ndani kabisa, na utazame kama kibati chake kimefunguka chote. Chumvi hukausha maungio yake kikabaki nusu, na choki iliyobaki nusu inafanya mashine iwe nzito kwenye kila kasi. Tone la oili na kuchezesha kwa vidole, kazi imekwisha, hakuna aliyetumia shilingi.

Kisha sindano na boya. Bonyeza ule mpira wa kupampia mafuta mpaka uwe mgumu, uache, usubiri. Ukilegea wenyewe, na petroli ikidondoka mdomoni mwa kabureta, sindano haizibi. Huenda kuna punje ya mchanga au kutu kutoka kwenye dumu, huenda ncha yake ya mpira imekula alama ya duara, huenda boya limeingiza petroli ndani na kuwa zito. Litikise sikioni utasikia. Maji yaliyoingia kwenye mafuta huacha unga mweupe chini ya bakuli, na unga huo hukwamisha sindano vizuri sana. Dalili nyingine ya tatizo hili ni mashine inayowaka vyema asubuhi lakini ukiizima kidogo ikiwa ya moto inakataa kuwaka mpaka uvute kamba mara nyingi kwa moto wote bila choki: mafuta yamevuja ndani wakati imelala. Kimo cha boya hupimwa kabureta ikiwa imepinduliwa, kutoka uso wa gasketi, kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Usikisie, na usilazimishe kukunja ulimi wa boya kwa koleo. Milimita 1 hapo ni kubwa.

Jeti nazo zina historia zake. Zikiziba, mtu huchukua uzi wa waya wa breki ya baiskeli na kuzitoboa. Jeti ni shaba, waya ni chuma. Kitundu cha milimita 1.40 kikipanuliwa hadi 1.50, eneo lake limeongezeka karibu asilimia 15, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti hiyo. Mashine itazidisha mafuta daima kuanzia nusu ya moto, na kila fundi atakayefuata atahangaika na skrubu. Jeti husafishwa kwa petroli na upepo. Ikiwa unashuku imeshatobolewa, nunua mpya yenye namba ya kitabu. Ni kipande kidogo kuliko vyote kwenye kabureta. Namba za jeti zisilinganishwe kati ya kampuni na kampuni, kwa sababu wengine huandika kipenyo na wengine huandika kiasi kinachopita.

Kwa watu wa maziwa kuna sababu moja ambayo si ubovu wa kitu chochote. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza au Kisumu ni nyembamba kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, lakini vitundu vya jeti havijui hilo. Kabureta iliyopangwa kwa bahari ikifika huko inakuwa nzito kwa kama asilimia 5, na nguvu inapungua kwa karibu asilimia 10. Asilimia 5 mashine nyingi huvumilia bila kelele, ila ikiwa tayari ilikuwa nzito, ndipo inaanza kukohoa. Kivu, lenye mita 1,460 hivi, na Naivasha, lenye mita 1,880 na zaidi, hali inakuwa dhahiri, na jeti kuu ya namba ndogo zaidi pamoja na propela ya hatua fupi (inayosonga umbali mdogo kwa kila mzunguko) ndiyo tiba. Kumbuka tu kwamba mashine hiyo ikiuzwa kurudi pwani, jeti ya zamani lazima irudishwe kabla haijapata mzigo, kwa sababu huku chini hewa ni nzito na ile jeti ndogo itakuwa njaa kwa pistoni.

Haya, skrubu. Kwanza itambue. Kuna skrubu inayosukuma mkono wa kipepeo; hiyo ni ya kasi ya sailensa tu, haigusi mchanganyiko. Ya mchanganyiko ni nyembamba, ina springi, na ncha yake imechongoka. Halafu tambua inapima nini. Ikiwa iko upande wa injini, baada ya kipepeo, kwa kawaida inapima mafuta: kufunga kunapunguza. Ikiwa iko upande wa mdomo wa hewa, inapima hewa: kufunga kunaongeza mafuta. Hapa ndipo ushauri wa jirani unapoharibu mashine, kwa sababu yake na yako huenda ni za aina mbili. Kitabu kitakuambia, na kitakuambia pia mizunguko ya kuanzia, ambayo mara nyingi huwa kati ya mmoja na miwili kutoka ilipofungwa.

Kabla ya kugusa kitu, funga taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike hesabu hiyo, urudishe pale pale. Kugusa maana yake kugusa. Ukiikaza, ncha itapata mkunjo kama pete na tundu litapanuka, na kutoka siku hiyo skrubu haitaamua tena kitu.

Mashine irekebishwe ikiwa ndani ya maji ya kweli, imepata joto kwa dakika 10 hivi, iko kwenye gia ya mbele, boti imefungwa imara kwenye gati. Kwenye pipa la maji ufukweni moshi unatoka kwa mgandamizo tofauti na propela haina kazi, hivyo utakachopanga pale hakitakuwa sawa ukiondoka. Geuza moja ya nane ya mzunguko kuelekea upande wa kupunguza mafuta, subiri sekunde 10 hadi 15, sikiliza. Mashine nzito ina mlio wa kuruka ruka, kama farasi anayechechemea, na inakusanya moshi. Ukipunguza, mlio unanyooka na kasi inapanda kidogo. Endelea mpaka kasi ianze kushuka au itoe chafya kupitia mdomo wa kabureta, hapo umepita. Rudi kwenye kasi ya juu kabisa, kisha ongeza mafuta moja ya nane zaidi. Hiyo moja ya nane ndiyo bima yako. Halafu ongeza moto ghafla: ikisita na kupiga chafya, ni nyepesi bado, ikisita kwa kukoroma na kutoa wingu, ni nzito bado. Maliza kwa kurudisha kasi ya sailensa kwenye skrubu ya kasi.

Haya yote yafanyike pasipo sigara wala jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini ya mbao za sakafu ya boti, ukisubiri.

Usitegemee ukamilifu. Mashine ya mipigo miwili yenye kabureta, hata ikiwa imepangwa na kiwanda, hupitisha sehemu kubwa ya mafuta yake, robo hivi au zaidi, bila kuungua, kwa sababu mafuta mapya yanaingia silinda ikiwa mlango wa kutolea moshi bado wazi. Ule utando wa rangi za upinde juu ya maji nyuma ya boti si ushahidi wa kabureta mbovu. Ni tabia ya aina hiyo ya injini.

Ushahidi unaofaa ni lita. Chagua njia moja, kwa mfano kutoka gati mpaka kisiwa fulani, mzigo ule ule, propela ile ile, moto ule ule. Jaza tangi mpaka alama, nenda na urudi siku hiyo hiyo ili mkondo unaokusaidia wakati wa kwenda ukuumize wakati wa kurudi, kisha jaza tena kwa chupa iliyopimwa mpaka alama ile ile. Fanya hivyo kabla ya kurekebisha na baada ya kurekebisha. Tofauti ikiwa chini ya nusu lita katika safari ya lita 15, upepo peke yake unaweza kuieleza, na kabureta yako iache ilivyo.